Lee Soon-jae: tuanzie wapi kutazama kazi zake, na kijana anayeigiza mzee ajifunze nini hasa kwake?

Jukwaa_Kihesa

Habari za humu wakuu. Kikundi chetu cha maigizo hapa Iringa kina vijana wengi wa miaka 18 hadi 25, na kinachotusumbua ni nafasi za wazee. Kijana akipewa ubabu anapinda mgongo, anatetemesha sauti, anashika fimbo, basi. Ukumbi unacheka hata pale hadithi inapotaka watu wanyamaze.

Tumepanga Jumamosi sita za kutazama kazi za Lee Soon-jae, yule mkongwe wa Korea Kusini aliyefariki Novemba 2025 akiwa na miaka 91. Tumemchagua yeye kwa sababu vijana wamekulia kwenye sizoni za Kikorea, hawahitaji kubembelezwa wakae. Kila kikao ni saa tatu, mazungumzo humohumo. Projekta ipo na sabufa ipo.

Naomba msaada kwa wanaozijua kazi zake: tufuate mfuatano wa miaka au tuchague? Na tukishakaa mbele ya ukuta, macho yaangalie nini? Tukitazama tu kama kibanda umiza tutatoka na hadithi bila ufundi.

---

Sizoni_Mwanjelwa

Mkuu, msifuate miaka. Mtakwama mlangoni.

Lee Soon-jae alianza jukwaani mwaka 1956 akiwa mwanafunzi wa falsafa Chuo Kikuu cha Taifa cha Seoul, kwenye mchezo wa Eugene O'Neill, "Beyond the Horizon". Mwaka 1960 alikuwa miongoni mwa walioanzisha kikundi cha maigizo cha Silheom. Televisheni ya KBS ilianza kurusha matangazo tarehe 31 Desemba 1961, TBC (kituo cha Korea, si hii TBC yetu) ikafuata Desemba 1964, naye akawa mwigizaji wa mkataba wa TBC hiyo. Sasa shida iko hapa: michezo mingi ya televisheni ya miaka hiyo ilirushwa moja kwa moja kutoka studio, na hata ile iliyorekodiwa, kanda zilikuwa ghali, zikafutwa zikarekodiwa kitu kingine. Kazi zake za televisheni za miaka ya 1960 karibu zote hamtazipata popote, hata mkiwa na bando la mwaka mzima. Filamu za sinema ndizo zilizonusurika zaidi. Hifadhi ya Filamu ya Korea ina chaneli yake YouTube inayoitwa Korean Classic Film, bure, na filamu zake zina maandishi ya Kiingereza. Humo mnaweza kumtafuta akiwa kijana, ila muwe na subira na picha zilizochakaa.

Ningewashauri mpange kwa aina ya uhusika. Kuna mwalimu, kuna mfalme, kuna baba mkali wa nyumbani, kuna mgonjwa, kuna mzee anayependa. Huyu mtu amezipitia zote, na nyingine amezirudia baada ya miaka mingi kwa namna tofauti kabisa. Hapo ndipo kuna darasa.

Kikao cha kwanza wekeni "Hur Jun", ya kituo cha MBC, iliyoanza Novemba 1999 ikaisha Juni 2000. Ina sehemu 64, msijaribu kuzimaliza. Lee Soon-jae ni Yoo Ui-tae, tabibu wa Sancheong anayemfundisha Heo Jun, ndiye huyo Hur Jun wa kwenye jina, mhusika mkuu. Chukueni tukio la barua. Heo Jun amemponya mke wa kigogo, akapewa barua ya kumfungulia njia ya kuingia hospitali ya ikulu. Mwalimu anaichukua ile barua anaichoma, kisha anamfukuza. Baadaye nendeni kwenye pango la barafu, pale mwanafunzi anapomkuta mwalimu amekwisha kufa na ameacha wosia kwamba mwili wake upasuliwe ili Heo Jun aone jinsi mwanadamu alivyo ndani. Pangoni Lee Soon-jae hana la kufanya, yeye ni maiti. Uzito wote wa pango umejengwa kwenye sehemu za nyuma, ambako hakumsifu mwanafunzi hata mara moja kwa ulaini. Wekeni barua kwanza, pango baadaye, msigeuze.

Kitu ambacho vijana wenu lazima waambiwe kabla ya kuanza: mwaka 1976 huyuhuyu aliigiza Heo Jun mwenyewe kwenye filamu "Jipnyeom", na mwaka 1977 akapata tuzo ya Baeksang ya mwigizaji bora kwa filamu hiyo. Miaka zaidi ya 20 baadaye amerudi kwenye hadithi ileile, sasa ni mwalimu, na ule uhusika mkuu umeshikwa na Jeon Kwang-ryul. Wengi wetu tunamfahamu Jeon kama Mfalme Geumwa wa "Jumong".

Kikao cha pili "Yi San", MBC, 2007 hadi 2008, sehemu 77. Yeye ni Mfalme Yeongjo, yule wa historia aliyetawala 1724 hadi 1776 na aliyemfungia mwanawe, Mrithi Sado, ndani ya sanduku la mchele mwaka 1762 hadi akafa. Yi San ni mtoto wa huyo Sado. Kwa hiyo babu anamlea mjukuu ambaye baba yake alimuua yeye mwenyewe. Tazameni sehemu mbili za mwanzo zikiwa kamili, kisha rukeni hadi pale mfalme anapoanza kusahau amri alizotoa.

Cha tatu "High Kick!", 2006 hadi 2007. Sehemu ni 167 lakini fupi, karibu nusu saa kila moja, nne zinaingia kwenye kikao kimoja. Hapa ni mwenye hospitali ya tiba za asili anayegombana na kila mtu ndani ya nyumba. Tahadhari: kuna sehemu mzee anakutwa akitazama picha za utupu kwenye kompyuta, na kutokana nayo alipata jina la utani lililomfuata miaka yote. Mkiwa na watoto ukumbini ipitieni mapema muiruke.

Cha nne "Beethoven Virus" ya 2008, sehemu 18. Cha tano filamu "Late Blossom" ya 2011, dakika 118. Cha sita "Dog Knows Everything" ya 2024, sehemu 12.

---

Pazia_Mbeya

Mpangilio wa hapo juu ni mzuri. Mimi nitajibu lile la macho yaangalie nini, maana ndiko vijana wanakopotelea.

Kwanza futeni kichwani kwamba uzee uko mgongoni. Mtazameni Yeongjo akiwa ameketi kitini. Mgongo umenyooka. Mikono imetulia. Uzee wake uko kwenye muda: kati ya kusikia na kujibu kuna nafasi, na kwenye nafasi hiyo macho yanafika kwa mtu kabla ya kichwa. Kijana akiigiza mzee hufanya kinyume, kichwa, mabega na mikono vinageuka kwa pamoja. Zuieni sauti ya sabufa kabisa, wekeni dakika tatu za baraza la ikulu, waulize wanafunzi nani ana mamlaka chumbani. Watamtaja bila kusikia neno. Kisha rudisheni sauti.

Pili, pumzi. Sauti ya kutetemeka ndiyo inayowachekesha watu wenu Iringa. Mzee halisi hutumia pumzi kwa uangalifu kwa sababu anayo kidogo, kwa hiyo hukata sentensi pale pumzi inapoisha, si pale koma ilipo. Zoezi: mpe kijana maneno 60 ya skripti yenu. Ayasome kwa pumzi mbili. Halafu kwa tano. Halafu atafute mwenyewe zile sehemu tano ambazo mtu akikata maana haipotei. Aziwekee mkwaju (/) kwa penseli na azishike hivyohivyo kila mazoezi. Asipoziwekea alama, siku ya onyesho atakata popote na mstari utaanguka. Lee Soon-jae alitokea jukwaani, na alikuwa mkali kwa waigizaji vijana juu ya matamshi: urefu wa irabu, mwisho wa neno kusikika. Hata akinong'ona kwenye "Late Blossom", silabi ya mwisho inafika. Vijana wetu humeza silabi ya mwisho, na Kiswahili kikimezwa mwishoni mtu hajui kama ulisema umekuja au umekula.

Tatu, kukaa na kuinuka. Kosa la kawaida ni kujidondosha kitini huku unaguna. Mwenye magoti mabovu hafanyi hivyo, anaogopa kuanguka. Anarudi nyuma mpaka shavu la mguu liguse kiti, anaweka kiganja juu ya paja au kwenye mkono wa kiti, anashuka taratibu, na uzito unafika mwisho. Kuinuka ni kinyume chake: anasogea mbele ya kiti, miguu inarudi chini ya mwili, kiwiliwili kinaegemea mbele ndipo anasimama, na akishasimama anangoja kidogo kabla ya hatua ya kwanza. Huo muda wa kungoja ndio watazamaji wanausoma kama umri. Mkiufanyia mazoezi wiki mbili, fimbo na mvi za unga hamtazihitaji.

Nne, na hili ndilo nalipenda zaidi kwake. Ugonjwa wa kusahau ameuigiza zaidi ya mara moja. Kwenye "Yi San" ni mfalme anayesahau na anajua hatari ya watu kujua, kwa hiyo anaficha kwa ukali. Anafoka mapema ili asiulizwe. Mwaka mmoja tu baadaye, "Beethoven Virus", ni Kim Gab-yong, mpiga obo (ala ya kupuliza) mstaafu, na yeye anaficha kwa adabu na tabasamu, anakubali kila anachoambiwa kwa sababu hana uhakika kama aliambiwa jana. Mwaka 2019 akarudi tena kwenye filamu "Romang", mume na mke wazee ambao wote wawili wanasahau, akiwa na Jung Young-sook. Wekeni kipande cha mfalme na kipande cha mpiga obo mfululizo, dakika kumi kila kimoja. Kijana aliyedhani kusahau ni kukodoa macho na kufungua mdomo ataelewa palepale kwamba kinachoigizwa ni juhudi ya kuficha. Mtu anayesahau anafanya kazi kubwa kuliko wote chumbani.

---

Ngosi_Tukuyu

Nyongeza fupi kuhusu majina, maana kwenye flashi za mtaani kuna mchanganyiko mbaya. Lee ndilo jina la ukoo na linatangulia. Mtamkuta ameandikwa Lee Soon-jae, Lee Sun-jae au Yi Sun-jae, ni mtu mmoja. Mkitaka uhakika tafuteni kwa herufi zao: 이순재.

Msimchanganye na O Yeong-su, yule mzee wa "Squid Game" aliyepata Golden Globe mwaka 2022. Wala Shin Goo. Huyu Shin Goo ndiye anayechanganywa zaidi kwa sababu walikuwa wote kwenye "Grandpas Over Flowers" ya tvN kuanzia 2013, pamoja na Park Geun-hyung na Baek Il-seob, wazee wanne wanasafiri nje ya nchi na begi mgongoni, na kijana wa kuwabebea na kuwapangia ni Lee Seo-jin. Na huyo Lee Seo-jin ndiye Yi San! Mjukuu wa mfalme wa 2007 amekuwa mhudumu wa babu yake 2013. Watazamaji wa Korea waliifurahia sana hiyo.

Michezo ya jukwaani nayo inachanganywa. Mwaka 2023 Shin Goo na Park Geun-hyung walicheza "Waiting for Godot". Lee Soon-jae hakuwamo. Yeye mwaka 2024 alikuwa kwenye "Waiting for Waiting for Godot", mchezo mwingine kabisa wa Dave Hanson, akaacha katikati Oktoba kwa sababu za afya.

---

Jukwaa_Kihesa

Asanteni sana, hii ni zaidi ya nilichotarajia. Maswali mawili ya utekelezaji. Wengi wa vijana Kiingereza cha maandishi kinawapita kwa kasi, na zile za kutafsiriwa na madijei wa mtaani sauti ya mwigizaji inafunikwa, kwa hiyo lile somo la pumzi la Pazia linakufa. Tufanyeje? La pili, "Late Blossom" inafaa kwa wa kidato cha nne? Wapo kadhaa.

---

Fundi_Projekta_Mafinga

La kwanza nalichukua mimi.

Usitumie zilizotafsiriwa kwa sauti juu. Chukua yenye sauti ya Kikorea na faili la maandishi pembeni, lile lenye mwisho wa .srt. Lifungue kwa Notepad kwenye kompyuta. Utaona namba, muda, mstari. Huhitaji kutafsiri sehemu nzima, tafsiri vile vipande tu mtakavyovirudia. Kipande cha dakika kumi cha ikulu kwa kawaida kina mistari kama 80 hadi 120, ni kazi ya jioni moja kwa watu wawili. Mambo ya kuzingatia:

Mstari usizidi herufi 40 hivi, na isiwe zaidi ya mistari miwili kwa wakati mmoja. Kiswahili hurefuka kuliko Kiingereza, kwa hiyo punguza maneno, usipunguze ukubwa wa herufi. Msomaji wa kawaida anahitaji angalau sekunde moja na nusu hata kwa neno moja. Muda usiuguse kama hujui unachofanya. Ukiharibu alama ya mshale kati ya muda wa kuanza na wa kuisha, mstari huo unaweza usitokee.

Ukihifadhi, chagua UTF-8. Jina la faili la maandishi lifanane kabisa na jina la video, hata nafasi na vistari. YiSan01.mp4 na YiSan01.srt, folda moja. Projekta nyingi za bei ya chini zikisoma flashi moja kwa moja hazionyeshi maandishi kama jina limetofautiana kwa nukta moja. Ikigoma kabisa, tumia kompyuta na programu ya VLC. Maandishi yakichelewa kuliko sauti, kwenye VLC bonyeza G au H kuyasogeza, kila mbonyezo ni milisekunde 50, yaani sehemu moja ya ishirini ya sekunde.

Flashi: nyingi zimepangwa kwa FAT32, haipokei faili moja linalofika GB 4. Filamu ya ubora mkubwa itakataa kuingia na watu hudhani flashi imekufa. Ukiipanga upya kwa exFAT faili litaingia, lakini projekta au televisheni ya zamani inaweza isiisome, kwa hiyo jaribu siku mbili kabla, si saa moja kabla. Kwa matumizi yenu ubora wa 720 unatosha, na faili litakuwa dogo zaidi.

Sauti: sabufa ipunguzwe mzito (besi) kabisa. Mnataka kusikia pumzi na konsonanti, na mzito unavifunika. Kama kuna spika ya kawaida ya kati, tumieni hiyo. Na kama ukumbi una bati bila dari, msipange vikao mchana wa Januari au Februari. Mvua ikigonga bati, hata Yeongjo akifoka hasikiki.

---

Pazia_Mbeya

La "Late Blossom". Inafaa kwa kidato cha nne ila mtu mzima awaandae. Kuna wazee wanne. Kim Man-seok, ndiye Lee Soon-jae, anasambaza maziwa alfajiri kwa pikipiki, mdomo mchafu, hana subira. Anakutana na bibi anayeokota makaratasi kwa mkokoteni kwenye mtaa wa mlimani. Pembeni kuna mlinzi wa maegesho anayemtunza mkewe mwenye ugonjwa wa kusahau. Hao wawili wa pembeni wanaamua kufa pamoja. Jambo hilo liko wazi kwenye filamu na halitakiwi kumkuta kijana bila maneno. Ambieni kabla, na baada ya filamu msikimbilie ufundi, waacheni waseme kwanza.

Mimi lakini ningeitoa nafasi ya tano niiweke ya kwanza kabisa. Sizoni_Mwanjelwa naheshimu mpangilio wako, ila vijana wakianza na vipande vya "Hur Jun" watakuwa wanauliza huyu nani, yule nani, muda wote. Filamu moja yenye mwanzo na mwisho inawapa mwili mzima wa mtu: kupanda pikipiki, kuteremka, kutembea kwenye mteremko wenye theluji, kugombana, kuona haya mbele ya mwanamke. Alikuwa na miaka 76 alipoonekana kwenye filamu hiyo. Ilitengenezwa kwa bajeti ndogo na ikatazamwa na zaidi ya watu milioni 1.6 kwenye majumba ya sinema ya Korea, karibu yote kwa watu kuambiana.

Angalieni pia Man-seok anavyozungumza na mjukuu wake, ambaye ni Song Ji-hyo, kisha anavyozungumza na yule bibi. Sauti haibadiliki sana kwa juu na chini. Kinachobadilika ni kasi, na mikono. Kwa mjukuu mikono inaendelea na kazi yake. Kwa bibi mikono inakosa mahali pa kukaa.

---

Sizoni_Mwanjelwa

Hoja ya Pazia naikubali nusu. Ianze "Late Blossom", sawa. Lakini mwalimu na mfalme visitenganishwe, viwe vikao viwili mfululizo, kwa sababu vyote ni mamlaka na mamlaka zake hazifanani. Yoo Ui-tae anatawala kwa kunyima. Yeongjo anatawala kwa kufanya watu wasijue atasema nini.

Na kama mna nafasi ya kipande kimoja cha nyongeza, tafuteni "The King 2 Hearts" ya 2012. Watu wanairuka kwa sababu humo hana taji. Ni Eun Kyu-tae, mkuu wa watumishi wa ikulu, mtu mwaminifu anayevujisha siri ya mahali mfalme alipokwenda mapumziko, mfalme anauawa, na mzee anaendelea kuja kazini kila siku na dhambi hiyo kifuani. Miaka minne tu tangu alipovua joho la Yeongjo, anasimama pembeni ya kiti ambacho zamani alikikalia. Magoti yanajua yanapaswa kuinama, macho yanakwepa. Kwa kijana anayedai kila siku apewe nafasi ya mbele, hiki ni kipande cha kumwekea mara mbili.

Vijana waambiwe pia kazi yake haikuwa mstari ulionyooka. Mwaka 1991 hadi 1992 alikuwa baba mkali wa nyumbani kwenye "What Is Love" ya MBC, mke wake akiwa Kim Hye-ja na mtoto wake Choi Min-soo, tamthilia ambayo kilele chake kilipita asilimia 60 ya watazamaji. Mwaka 1988 alikuwa amegombea ubunge wilaya ya Jungnang, Seoul, akashindwa. Mwaka 1992 akashinda. Alitumikia muhula mmoja hadi 1996 na hakugombea tena, na hata kabla muhula haujaisha tayari alikuwa babu wa familia kwenye "Men of the Bath House" ya KBS iliyoanza Novemba 1995. Alirudi kwenye uigizaji kwa nafasi za baba, babu na mwalimu, akiwa na miaka zaidi ya 60. Kazi zake tunazozifahamu zaidi huku kwetu, karibu zote ni za baada ya hapo.

---

Ngosi_Tukuyu

Kuhusu kukariri, maana vijana watauliza mtu wa umri ule aliwezaje. Alikuwa akijizoeza kumbukumbu kwa kutaja marais wa Marekani kwa mfuatano, na amewahi kufanya hivyo mbele ya kamera. Zoezi la namna hiyo mnaweza kulifanya na orodha yoyote isiyo na hadithi ndani yake. Vituo vya TAZARA kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam, kwenda na kurudi, vinafaa kabisa. Orodha inakariri ulimi, hadithi inakariri akili, na jukwaani unahitaji vyote viwili.

Kipimo chake kikubwa kilikuwa "King Lear". Oktoba na Novemba 2021, Seoul Arts Center, mchezo wa dakika 200, yeye akiwa Lear mwenye miaka 86 akielekea 87. Akaurudia Juni 2023 kwenye LG Arts Center. Kabla ya hapo, Desemba 2016, aliadhimisha miaka 60 ya kazi kwa "Death of a Salesman", siyo kwa hafla ya chakula. Mwishoni mwa 2022 akaongoza "The Seagull" ya Chekhov na yeye mwenyewe akiwa ndani. Na miaka hiyo yote alikuwa anafundisha uigizaji Chuo Kikuu cha Gachon.

---

Jukwaa_Kihesa

Basi tumepanga hivi: "Late Blossom", kisha "Hur Jun", "Yi San", "Beethoven Virus" pamoja na kipande cha "The King 2 Hearts", "High Kick!", na kumalizia "Dog Knows Everything". Kuna la kuangalia kwenye hiyo ya mwisho? Na "High Kick!" kuiweka baada ya huzuni zote hizo ni sawa?

---

Pazia_Mbeya

Ni sawa kabisa, ila msiitazame kama mapumziko. Kuchekesha akiwa mzee ndiko kugumu kuliko kote. Baba wa "High Kick!" anachekesha kwa sababu yeye mwenyewe hajui kama kuna kichekesho, amekasirika kwelikweli juu ya chakula, juu ya mkwe, juu ya mtoto asiye na kazi. Hatazami watazamaji hata kidogo. Mwekeni kijana wenu mchekeshaji mbele kabisa siku hiyo, halafu ahesabu mara ngapi mzee huyo anatabasamu mwenyewe kwenye sehemu nzima.

"Dog Knows Everything" ilirushwa KBS Septemba na Oktoba 2024. Anaigiza mwigizaji mkongwe anayeitwa Lee Soon-jae, aliyekimbilia kisiwa cha Geoje baada ya kashfa, na huko anaanza kuelewa maneno ya mbwa mstaafu wa polisi. Hadithi ni nyepesi. Kwa kazi hiyo alipewa tuzo kuu ya KBS ya mwaka 2024, akiwa na miaka 90, na hafla ilirushwa Januari 2025.

Cha kutazama ni hiki: mwili sasa umechoka kweli, hatua ni fupi, na hafichi. Kwa hiyo amehamishia kazi yote kwenye kusikiliza. Mbwa haongei chochote pale studio, sauti imewekwa baadaye, na yeye anamtazama mnyama kana kwamba anangoja amalize sentensi. Wapeni vijana zoezi hilohilo baada ya kikao: mmoja aketi, mbele yake kiti kitupu, asikilize kiti kwa dakika mbili bila kusema neno, na wengine wakisie kiti kimesema nini. Anayeanza kutikisa kichwa na kukunja uso ndani ya sekunde kumi, mrudishe aanze upya.